Betri ya Bokilo

Jumatano, tarehe 19 Februari

Leo nimekuwa mfanyabiashara. Rasmi! Kisanduku cha mbao mbele ya nyumba, nyaya zinaning'inia, paneli ya jua juu ya bati, na kibao nilichoandika kwa makaa: CHAJI SAFI, JUA LA MUNGU. Mteja wa kwanza alifika kabla sijamaliza kuandika neno Mungu.

Paneli nimeitoa kazini. Tuseme, palipokuwa kazini. Shirika letu la chanjo limefungwa kwa sababu huko Amerika kuna mtu ametia sahihi karatasi, na sahihi ile imesafiri mpaka hapa Simi-Simi ikanikuta mimi, Bonheur, mlinzi wa ghala, na kikombe cha chai mkononi. Chef alitukusanya, akalia kidogo, akasema twende nyumbani. Wenzangu wakaenda nyumbani. Mimi nikapanda juu ya paa. Mtu asiye na akili atasubiri fidia mpaka meno yang'oke.

Na bahati iko upande wangu. Courant, yaani umeme, imekatika mtaa mzima. Bilali wa ng'ambo ya barabara, ambaye anachaji simu za watu kwa groupe, ile jenereta, analia essence, petroli yake. Malori hayapiti vizuri kutoka mashariki kwa ajili ya vita, essence imepanda, groupe yake inakohoa. Bon. Hivyo ndivyo vita vilivyomfikia Bilali. Mimi vimenifikia kwa njia nyingine: vimeniletea mama mkwe.

Bokilo, ndivyo tunavyomwita mama mkwe hapa. Mama yake Viviane, mke wangu. Alifika mwanzoni mwa mwezi kutoka Bukavu kwa ndege ya mizigo. Nafasi ilikuwa moja. Mwanawe wa mwisho, Sadrack, akampandisha yeye, mwenyewe akabaki. Kijana mzuri, sikatai. Lakini bokilo ni bokilo. Mkwe hamtazami machoni, hali mbele yake, hagusi kitu chake, haongei naye moja kwa moja. Na yeye vilevile kwangu. Amekalia kiti changu sebuleni, mimi nakula lituma, ndizi za kuponda, nyuma ya nyumba, nimesimama, karibu na choo. Nikitaka kuingia kwangu lazima nikohoe kwanza. Koo linaniuma tayari.

Jana Sadrack amempigia. Nilisikia kupitia ukuta. Bukavu imeingiliwa, ametoka kwa miguu mpaka Uvira, njiani wamemnyang'anya simu. Alipiga kwa simu ya mpita njia. Namba aliyo nayo kichwani ni moja tu, ya mama yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyemnunulia laini. Atatafuta tena simu ya kuazima Jumapili mchana, na mama yake amwambie: avuke Burundi, ama ateremke Baraka kwa mjomba? Bokilo amesema angoje, atamuuliza kwanza mjomba kama njia ni salama. Donc nyumba nzima inasubiri Jumapili. Mimi nasubiri jua.

Alhamisi, tarehe 20 Februari

Mvua tangu asubuhi. Jua la Mungu limebaki kwa Mungu.

Simu za watu zimelala kisandukuni, baridi. Na Bilali amepata la kusema. Anaeneza kwamba chaji ya jua ni nyepesi, inavimbisha betri, mwisho simu inakupasukia usoni. Mama mmoja alikuja kuchukua yake akaishika kwa ncha ya kitenge. Huko ng'ambo groupe inanguruma, muziki juu, watu wamejaa kwenye benchi lake. Aliponiona akanipungia mkono. Kwa heshima kabisa! Hayo ndiyo matusi yenyewe.

Nimefikiri mchana kutwa. Nimepata. Mtu hataki chaji, mtu anataka kwenda zake. Nusu ya mji huu wana ile simu ndogo yenye tochi, na betri yake ni ileile, nyembamba, inaingia kila mahali. Basi mteja aniachie betri iliyokufa, mimi nimkodishe iliyojaa, aende. Hakuna kusubiri, hakuna benchi, hakuna muziki. Bilali atakufa kwa presha.

Tatizo dogo: sina betri. Nimekusanya yangu, moja ya ghala (nayo ni kumbukumbu), na kadhaa kutoka kwa fundi wa simu, zimevimba tumbo. Nilimwomba Viviane yake. Alisema nikiigusa simu yake nitalala nje na paneli yangu.

Ijumaa, tarehe 21 Februari

Ushindi! Betri zote zimetoka asubuhi hii hii. Hata zilizovimba, nilizigongagonga kidogo na nyundo zikaingia. Bilali alivuka barabara mwenyewe kuja kuangalia. Akauliza polepole kama ninajua betri ya nani iko kwa nani. Nikamjibu yote yako kichwani. Akasema haya, Mungu akusaidie, akarudi kwake. Wivu mtupu.

Mchana mjomba wa Baraka alimpigia bokilo. Bokilo akiongea kwenye simu anapaza sauti utadhani anamwita mtu aliye Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa hiyo nisisemwe kwamba nilisikiliza. Mjomba amesema Sadrack asije Baraka hata kidogo. Kwenye njia ile kuna watu wenye bunduki, wanateremsha vijana kutoka kwenye malori, wanaondoka nao. Avuke Burundi tu. Bokilo amesema vizuri, Jumapili nitamwambia.

Kisha akawa anarudia peke yake, kwa sauti ndogo, asije akachanganya: Burundi, si Baraka. Burundi, si Baraka. Alirudia mpaka jioni, nikashindwa hata kupanga mambo yangu.

Jumamosi, tarehe 22 Februari

Leo nimempata Sandrine. Sandrine wa samaki, mtu wa Yanonge, mwenye sauti inayofika kabla yake. Akisifu kitu sokoni, soko zima linakifuata. Akikitukana, vilevile. Anateremka Yanonge leo kwa baleinière, boti la mbao la motor, kuchukua samaki wa moshi, anarudi kesho asubuhi. Anataka betri ya nguvu kweli, isimzimikie majini. Amesema nikimpa mbovu ataenda kwa Bilali, na ataeleza watu kwa nini ameenda.

Mteja wa namna hiyo anapotezwa na mpumbavu tu. Lakini betri zangu zote zilikuwa nje. Iliyobaki imevimba, nyundo imeshindwa.

Na hapo mezani, kwenye waya, simu ya bokilo. Viviane huiweka kila asubuhi ipate jua. Betri mpya kabisa, Sadrack aliinunua pamoja na simu yenyewe. Inakaa siku nyingi, maana bokilo hapigii watu, yeye anasubiri kupigiwa.

Nilisita. Niandike ukweli, nilisita. Kugusa kitu cha bokilo ni mwiko. Lakini betri iko ndani, haionekani, na aliyeinunua ni Sadrack, kwa hiyo kwa kweli niligusa kitu cha shemeji. Nikatia ile iliyovimba, nikakaza kifuniko kwa utepe wa gundi, nikairudisha kwenye waya. Sandrine ameapa kwa marehemu baba yake kwamba kesho kabla ya misa atakuwa hapa. Sadrack atapiga mchana. Kuna nafasi ya kutosha kabisa katikati.

Jumapili, tarehe 23 Februari

Sandrine hajafika.

Bokilo hakwenda misa. Alivaa kitenge chake cha misa, kile cha bluu chenye ndege, akafunga kitambaa kichwani, akaomba kiti kisogezwe karibu na kisanduku changu. Akakaa mbele ya simu yake. Baadaye akamwambia Viviane aniulize kwa nini imekuwa giza. Tulikuwa watatu uani, ningeweza kumjibu kwa kunong'ona, lakini swali lilipita kwa Viviane na jibu likarudi kwa Viviane. Nilisema mvua ya Alhamisi imeingia kwenye kioo, kioo ndicho kimekufa, sauti iko sawa, ikiitwa italia. Bokilo akaitikia kwa kichwa. Viviane akataka kuipigia ajaribu. Nikamwambia hapana, je, Sadrack akipiga saa hiyo hiyo akakuta laini ina mtu? Jibu zuri. Mimi mwenyewe nilishangaa lilikotoka.

Saa sita nikaenda beach, mahali baleinière zinapofikia. Kulikuwa na moja ya Isangi. Ya Yanonge, hakuna anayejua habari zake.

Nilifikiria kuchukua laini ya bokilo niitie kwenye simu ya Viviane. Lakini hapo ningemweleza Viviane betri iko wapi. Na tena ningenyoosha mkono mbele ya bokilo na kuchukua kitu miguuni pake. Kuna heshima, jamani.

Bilali ana betri za aina hiyo droo nzima. Nilivuka barabara. Kweli nilivuka! Nikasimama mlangoni kwake. Akanipa kiti, akaniuliza kwa sauti nzuri kabisa kama jua limenikatalia leo. Watu wa benchi wakacheka. Nikamuuliza kama ana sabuni. Akanipa sabuni. Nikarudi na sabuni.

Bokilo alikaa. Viviane alimletea chakula, hakula. Kila toleka, baiskeli ya abiria, ikipita barabarani na kugonga kengele, alichukua simu, akaiweka sikioni, akasema allo, akasikiliza, akairudisha mahali pake. Jua lilipozama alifungua kitambaa cha kichwa, akakikunja vizuri, akaingia ndani. Hakumlaumu mtu.

Lituma imenishinda leo. Nadhani ni hii tabia ya kula nimesimama.

Jumatatu, tarehe 24 Februari

Sandrine amefika leo mchana, ananuka moshi na matope. Motor ya baleinière ilikufa, wamelala kwenye kisiwa cha mchanga. Na ana malalamiko: betri imeisha njiani! Nikamjibu kwamba kama motor ingekuwa nzima betri isingeisha. Akasema safari nyingine atataka nzuri zaidi.

Nikaitia kwenye simu ya bokilo, nikaichaji, nikaiwasha. Ikalia. Ikalia tena. Meseji baada ya meseji. Bokilo alitoka chumbani mbio, bila kujifunika, nusura tugongane, mimi nikarukia upande wa choo. Viviane akasoma. Namba moja tu, ngeni, imepiga Jumapili tangu mchana mpaka jioni.

Viviane akaipigia. Akajibu mama mmoja wa Uvira, anauza mikate kando ya barabara. Anamkumbuka kijana. Alimwomba simu, akapiga, hapatikani. Akakaa hapo kwenye ndoo, akaomba tena, akapiga tena. Alimwambia kwamba mama yake hajawahi hata siku moja kukosa kumjibu, labda anaumwa. Jioni lori likapiga honi, linateremka Baraka. Akasema basi, nitaenda kwa mjomba, nadhani mama angeniambia hivyo. Akamshukuru mama wa mikate na akapanda.

Viviane aliniuliza ilikuwaje. Nikasema réseau, mtandao. Katika mji huu hakuna mtu ambaye amewahi kubishana na réseau. Na kioo? Kimekauka, nikasema.

Bokilo hakulia. Alikaa chini, kwenye udongo, kiti kiko hapohapo karibu. Alisema Burundi. Akasema nilikuwa nimeishika vizuri kichwani, Burundi, sasa nitamwambia nani?

Wateja walikuja, wakaona, wakaondoka polepole. Siku mbaya kwa biashara.

Jumatano, tarehe 26 Februari

Mjomba amepiga. Lori limefika Baraka. Vijana waliokuwa ndani yake hawakufika nalo.

Nyumba imejaa watu wa Bukavu waliokimbilia hapa, wamekaa kwenye mikeka, wanaongea chini chini. Si matanga, kwa kuwa hakuna aliyesema kijana amekufa. Hakuna aliyesema yuko hai pia. Hawajui waimbe ama wanyamaze.

Bilali akaja. Ameacha groupe yake inazunguka bila mtu na akaja, na sukari, na kofia safi. Akakaa na bokilo saa nzima. Naye ana ndugu huko mashariki, kumbe, tangu mwaka jana hajui wako wapi. Sikuwahi kumuuliza. Kabla ya kuondoka akatoa mfukoni betri mpya, imejaa, akampa bokilo iwe ya akiba, simu isizimike tena hata siku moja. Watu wote wakasema Bilali ni mtu. Wakasema mbele ya paneli yangu! Jamaa anajua kutafuta wateja, hilo nimkubalie.

Watu walipotoka nilikuwa nyuma ya nyumba na sahani yangu. Nikasikia miguu. Sikusikia kikohozi. Nikageuka, bokilo. Mbele yangu, ananitazama, na mimi na lituma mdomoni. Nilitafuta pa kuweka sahani, nikakosa. Sijui tangu nimuoe binti yake kama nimewahi kuuona uso wake mzima. Anafanana na Viviane akichoka.

"Bonheur," alisema. Si papa Grâce, kama wanavyoniita kwa jina la mtoto. Jina langu. "Ile Siku ya Mungu, simu yangu ilikuwa muzima?"

"Ilikuwa nzima, mama. Ni réseau."

Mikono yake ilikuwa inafinya simu, kitufe kimoja, kingine.

"Basi si mimi," alisema. "Nilikuwa nafikiri nilifinya mubaya. Kila siku najiuliza, nilifinya wapi."

"Si wewe, mama."

"Aksanti, mwana yangu."

Akarudi ndani. Sahani ilianguka, au niliiangusha, kuku wamekula. Nilijisikia vibaya sana. Niandike hivyo, kwa kuwa hakuna atakayesoma: moyo uliniuma, nilitaka kumfuata nimwambie. Nilifika mpaka mlangoni. Nikakohoa. Hakuna aliyejibu, na mbele ya nyumba mtu alikuwa anaita, anataka betri.

Ijumaa, tarehe 28 Februari

Hakuna habari. Viviane anapiga namba ya mjomba asubuhi, anapiga jioni. Haongei nami sana. Hajasema kwamba anajua kitu. Lakini leo alibandua kile kipande cha utepe wa gundi kwenye simu ya mama yake, akakitazama, akakibandika kwenye paneli yangu, katikati. Nimekibandua. Kinaziba jua.

Bilali amepandisha bei kwa ajili ya essence. Wateja wanarudi kwangu. Ni huzuni kusema, lakini vita vikiendelea mpaka Pasaka nitaongeza paneli ya pili.

Jumamosi, tarehe 1 Machi

Jua kali, asante Mungu.

Bokilo anakaa na simu mapajani kutwa nzima. Ameacha sebule, anakaa nje, uso kwenye barabara. Jambo moja jema: kiti changu kimekuwa huru. Jioni anaitoa betri, anatia ile ya pili, ile ya Bilali, halafu anamwita Grâce aje ahesabu alama za chaji kwenye kioo. Zikitimia anasema vizuri, leo akipiga nitamsikia. Halafu analala nayo chini ya shavu.

Nimeangalia jambo hili kwa makini, kama mtaalamu. Simu moja. Betri mbili. Moja inafanya kazi, nyingine imelala mezani kwangu bure usiku na mchana, wakati mji mzima unalia chaji. Hiyo si haki.

Sandrine amepita saa nane. Anateremka tena Yanonge, na anataka ya nguvu. Bokilo alipokwenda kuoga aliiacha simu kwenye waya, nikalinganisha betri zote mbili. Ya Sadrack ndiyo bora, inakaa zaidi. Ya Bilali, nasikitika kusema, imeanza kuvimba kidogo upande mmoja, lakini nimeigonga kwa nyundo, taratibu, na imeingia kwenye simu ya bokilo bila shida.

Sandrine atarudi Jumatatu asubuhi. Ameniapia kwamba motor imetengenezwa.